Bei ya Kukimbia

Mama alikuwa tayari juu ya mashine ya kukimbilia, kifua kimejaa vibandiko vya nyaya, pale nesi aliporudi kutoka kwa keshia na kuizima.

"Mlicholipia ni picha ya moyo tu," alisema. "Kukimbia kuna bei yake."

Binti wa mama, fundi cherehani, alimsogelea nesi. Bei aliiuliza kwa simu, akaiuliza tena dirishani, na hakuna aliyemwambia habari ya kukimbia. Cherehani moja ilishauzwa ili itimie.

"Sasa bila kukimbia, hiyo picha itaonyesha nini?"

"Moyo uliopumzika."

"Dada, moyo wake ukipumzika haumsumbui. Unambana akipanda ngazi. Ndicho kilichotuleta hapa."

"Mimi sipangi bei, dada'ngu."

"Anayepanga ni nani? Nionyeshe mlango wake."

Mama alizichomoa nyaya moja moja, akafunga vifungo vya gauni, akatoka kwenda koridoni bila kuaga.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuuchemsha moyo mwenyewe. Waiandae hiyo picha yao, tumeshailipia."

Ngazi za kwenda ghorofani zilikuwa mkabala na mlango. Mama alishika ukingo wake akaanza kupanda mbiombio, kama anayekimbiza mwizi.

"Mama, shuka, utaanguka," nesi alisema, akamkimbilia.

Binti alimtangulia. Alisimama katikati ya ngazi, mikono kaitanua ukutani na ukingoni, nesi asipate pa kupita.

"Rudi ukawashe mashine ya picha," alimwambia, huku juu yao pumzi za mama zikianza kukatika.