Mafundo ya Jeannot

Lori la Kakule lilikuwa linanguruma tayari, lakini godoro la Jeannot lilikuwa limerudi chini tena, kwa sababu majirani walikuwa wanafungua kila kamba.

Walifungua ya godoro. Wakafungua ya kitanda, ya masufuria, ya mbuzi. Mbuzi akatimka kuelekea mgodini. Mzee mmoja alipiga magoti vumbini, akamfungua Jeannot kamba za viatu, kwa adabu, kama anayemhudumia mgonjwa.

"Mama Benita," Kakule alisema kutoka kwenye usukani, "hii kamba iko ya kufunga mizigo. Haiko ya kufunga mvula."

"Fundo ni fundo," Mama Benita alijibu.

Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa amepanda mahindi mara mbili pembeni mwa Ruashi, na mara mbili mbegu ilikaangika ardhini. Iliyobaki ilitosha kupanda mara moja tu. Ikifa hiyo, nyumbani kwake hakuna unga mwaka mzima. Novemba ilikuwa imeingia na jua halijabanduka. Redio ilitangaza kwamba joto na ukavu vitaendelea kwenye nyanda zote za Haut-Katanga. Redio haikusema kwa nini. Mama Benita alisema: katika mtaa mzima, nani anayetaka jua? Jeannot, fundi wa matofali. Matofali yake mabichi yalikuwa yamejaa uwanjani yakikauka, na mvua moja tu ingeyarudisha kuwa matope. Na huko kila mtu anajua: mvua ikichelewa, mtazame mfyatua matofali. Basi walimwambia ahame kabla nyumba haijawaka.

"Kama mi njo niliifunga," Jeannot alisema, "ningeenda namna gani na kuacha matofali yangu yote hapa?"

"Kuifunga haiko kazi nguvu. Unashika kitambaa, unasema sababu yako, unafunga fundo moja. Basi, mpaka mwenyewe afungue."

"Unajua sana, Mama."

Watu walicheka. Mama Benita hakucheka.

"Bantu bote banajua," alisema.

Josée, mke wa Jeannot, alikuwa ameshapanda juu ya lori na kukalia masufuria. "Siku ya ndoa ya Benita mawingu ilijaa, ikapita," alisema. "Tulikula, tukacheza, hata tone. Siku ile mulisema Mungu iko muzuri. Leo munasema Jeannot."

"Ile ilikuwa Mungu," Mama Benita alisema.

Lori liliondoka bila kamba hata moja. Jeannot alilalia godoro, ameikumbatia meza. Kwenye shimo la kwanza kiti kilianguka. Hakuna aliyekiokota, nani anajua kiti cha mtu kama yule kina nini?

Wakakaa kungoja mvua. Jua liliendelea kama redio ilivyosema. Mama Benita alipanda mbegu ya mwisho, kisha akawa anakwenda kila asubuhi kuutazama udongo.

Jumapili moja mchana, Benita alimwita mama yake aje kumwona mjukuu mchanga. Kabla Mama Benita hajatoka nyumbani, mvua ilishuka kwa kishindo. Watu walicheza uani na nguo zao za kanisani. Walisema dawa ya Jeannot imeishiwa nguvu.

Matofali yaliyeyuka siku hiyohiyo. Jeannot yuko Sakania, anauza chumvi na sabuni. Udongo hagusi tena. Josée hamsalimu mtu yeyote wa Ruashi. Kakule siku hizi anafunika mizigo kwa wavu. Mbuzi aliliwa, na hakuna anayesema ni nani. Mahindi ya Mama Benita yalitoka vizuri sana. Mchana ule, tone la kwanza lilipogonga bati, yeye alikuwa chumbani, ametoa sandukuni kitenge alichokivaa siku ya ndoa ya binti yake, na alikuwa ndiyo kwanza amelifungua, kwa meno, fundo dogo lililokuwa kwenye pembe yake.