Sikiliza Mwenyewe

Seremala aliinua zulia mwenyewe ili mnunuzi auone ufa.

"Huu hapa," alisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mjukuu. "Na bomba la jikoni linavuja ukilifungua kwa hasira. Mlango wa uani nao hukwama mvua ikinyesha."

Dalali aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Tangu mwanzo alikuwa amewaonya seremala na mkewe: sheria inamtaka muuzaji aseme kila kasoro anayoijua. Akificha, mnunuzi anaweza kwenda mahakamani, na nyumba ikamrudia mwenyewe.

Kurudishiwa nyumba hii! Seremala hakutaka hata kuiota ndoto hiyo. Maana kasoro kubwa kuliko zote haikuwa chini ya zulia. Ilikuwa ng'ambo ya ukuta, na ilikuwa na mapafu. Kila alfajiri seremala alipowasha mashine yake ya randa atafute riziki, jirani naye alichukua tarumbeta na kulipuliza mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mtu hana adabu, hana huruma, na kibaya zaidi, hana kipaji.

"Jirani si sehemu ya nyumba," mkewe alikuwa ameamua. "Sisi tunauza kuta, hatuuzi binadamu."

Ndiye aliyekwenda kumbembeleza jirani anyamaze asubuhi hiyo. Jirani alikubali bila ubishi, ila naye akaomba mashine ipumzike, kwa kuwa alikuwa na wageni wake.

Mnunuzi alikuwa muuguzi, macho mekundu kwa uchovu.

"Baba, mimi nafanya kazi usiku, nalala mchana. Nikikosa usingizi nitachanganya dawa za wagonjwa. Hapa pana utulivu?"

Seremala aliona haya, kwa kweli aliona haya. Kisha akainua kidole juu.

"Sikiliza mwenyewe, mwanangu."

Wakasikiliza. Kimya kilitanda hadi wakasikia bomba la jikoni likidondosha tone. Muuguzi akatabasamu, na haikupita wiki akasaini.

Seremala na mkewe walikabidhi funguo, wakajibanza kwa binti yao wakisubiri rangi ya nyumba mpya ikauke. Nyumba hiyo aliwatafutia dalali yuleyule, upande mwingine kabisa wa mji. Safari hii mke ndiye aliyeuliza habari za majirani.

"Ondoeni shaka," dalali alisema. "Nyumba ya jirani nimeiuza juzijuzi tu. Aliyeinunua ni mtu wa amani, amekimbia kelele huko alikotoka."

"Maskini," mke alisema. "Kama sisi."

Siku ya kuhamia, masanduku yakiwa bado yamefungwa, seremala alikuwa uani akiiweka sawa mashine yake simu ilipoita. Muuguzi!

"Ndiyo mahakama hiyo," alimnong'oneza mkewe, kisha akapokea.

"Baba, nimepiga kukushukuru tu. Tangu nihamie nalala fofofo. Mtaa huu hauna hata mlio!"

Seremala alibaki ameikodolea macho simu. Huenda yule jirani anaumwa. Basi Mungu amjalie nafuu, lakini polepole. Alicheka peke yake, akapanga ubao wa kwanza, akawasha mashine.

Ng'ambo ya ukuta, tarumbeta likalia.

Akazima mashine. Tarumbeta nalo likanyamaza. Kichwa anachokijua vizuri kikachomoza polepole juu ya ukuta.

"Lakini dalali aliniapia," jirani alisema, karibu kulia, "kwamba wanaokuja hapa ni watu waliokimbia kelele."