Jina Lisilokuwa Kwenye Ratiba

"Dada, hapa dirisha la maulizo mko wanne tu," meneja alisema, akigonga ratiba ya chakula cha mchana kwa kalamu. "Makao makuu wamezisoma ratiba zako zote. Wa tano hayumo."

Mama Zamu, kama wenzake aliowapangia zamu walivyozoea kumwita, aliikodolea macho karatasi aliyoiandika mwenyewe. Wawili wanakula saa sita, wawili saa saba. Miaka tisa hakuwahi kujiandika. Bakuli lake lilikaa kwenye droo, naye aliiba tonge moja moja kati ya mteja na mteja, ili dirisha lisielemewe wenzake wakila. Kweli mganga hajigangi.

"Wa tano si mimi, bosi? Si unaniona?"

"Ungejiandika, dada yangu." Meneja alitazama viatu vyake. "Kazi yako inaishia mwisho wa mwezi. Mjumbe hauawi."

Akaondoka, kalamu akaisahau.

Mteja aligonga kioo kwa funguo. "Mama, tunahudumiwa au hatuhudumiwi?"

Mama Zamu aliiokota kalamu, akaliandika jina lake polepole kwenye saa saba. Kisha akalitoa bakuli, akaliweka mbele ya kioo, akalifunua.

"Subiri," alisema. "Nakula."