Darubini ya Mzee

Nelima aliinua darubini ya marehemu mumewe, akaona ukungu mtupu. Ilikuwa bado imerekebishwa kwa macho ya mzee, na tangu mazishi hakuna aliyegusa kigurudumu chake.

"Mama, korongo wa Ulaya hao! Si uangalie, bana, wanapita!" mwenzake wa kujitolea katika kuhesabu ndege alimhimiza kando ya kinamasi, nje ya Kitale. "Ama nikuazime yangu?"

"Hii inatosha."

Kigurudumu kilikuwa kimelainika pale dole gumba la mzee lilipozoea kukaa. Akikigeuza, hatajua tena mzee alikuwa akionaje.

Aliweka dole lake pale pale, akakigeuza. Ukungu ukayeyuka, mabawa meupe yenye ukingo mweusi yakajaa kwenye kioo.

"Andika," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ni wengi, na bado wanakuja."