Diski Iliyokaliwa

Siku hizi maiti haizikwi mpaka yaliyo kichwani yahamishiwe kwenye diski ya nyumba. Ya mume wangu, Mzee Shemdoe, ilianza kukwaruza juzi, na leo binti yangu Saumu kaja na nyingine.

“Mama, ile ilikuwa ya kompyuta ya mezani, ndiyo maana imechoka upesi. Hii ni ya seva, kazi yake ni kuwaka kutwa kucha.”

Nikaigeuza. Ubavuni kulikuwa na gundi nyeusi, mahali palipobanduliwa jina.

“Humu alikuwa nani?”

“Imefutwa, Mama. Mara saba.”

“Hata mswaki unaoshwa. Utauazima?”

Akacheka. “Baba hana pua sasa, atanusa nini?”

Nikaiweka mezani. Mimi sanda ya yule mzee niliichagua mwenyewe, jora jipya, nikainusa kabla haijakatwa. Leo mwanangu anataka kumlaza kwenye jasho la mtu.

“Irudishe, mwanangu.”

“Nimeshamhamisha, Mama. Ile ya zamani ilikuwa inakata roho, ningefanyaje?”

Akaichomeka. Sauti ikatoka safi, ya mume wangu kabisa.

“Mke wangu, nipe ugoro kidogo.”

Mzee Shemdoe alikuwa akiwafukuza wageni barazani kwa kuwa hakuvumilia hata harufu ya ugoro.

“Unaona?” Saumu akasema. “Hakwaruzi tena.”

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikafuta tena. Sauti ikaniuliza, kwa upole, mbona simjibu.