Baraka Juu ya Kaunta

Mkono wa fundi uliganda juu ya kipanya cha kompyuta. Mteja wake, mama aliyejifunga mtandio, hakujua wimbo wa Injili aliotaka awekewe kwenye flashi umeandikwa kwa jina gani, kwa hiyo akauimba kidogo.

Sauti ilikuwa ileile ya kwenye rekodi. Fundi aliinakili kila siku na kuiuza bila kumwomba mtu ruhusa, na alipoulizwa alijibu kwamba Injili haina mwenyewe.

"Ni wewe uliyeuimba, mama?"

"Ndiyo mimi, mwanangu. Enzi hizo kifua kilikuwa kizima." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Wangu ulipotea na simu. Nimehangaika kuutafuta mpaka nikakata tamaa."

Fundi akamnakilia. Alitaka kuungama, lakini akamkabidhi flashi tu.

Mama akaibana flashi kifuani. Kisha akamshika fundi mikono yote miwili, akafumba macho. Viganja vyake vilikuwa vikavu, vimesuguliwa na sabuni za kufulia nguo za watu.

"Ee Bwana, ibariki kazi ya mikono hii."

Akangoja. Akafumbua jicho moja.

"Mwanangu, mbona huitikii amina?"