Mbavu Zitaunga

Kabla ngumi haijafika, mama alikuwa ameshasimama.

Aliliona bega la kushoto la bondia wa kona ya bluu likishuka kidogo, kama la mtu anayeokota kifungo, akapiga ukelele: "Acha!" Lakini ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, nani angemsikia? Ngumi ilizama kifuani mwa yule wa kona nyekundu, palepale juu ya moyo. Kijana alirudi nyuma hatua mbili, akayumba, akaanguka kifudifudi bila hata kutanguliza mikono. Kinga ya meno ilimchomoka ikaserereka na damu mpaka chini ya kamba.

"Moja!" mwamuzi akaanza kuhesabu. "Mbili!"

Watu walishangilia. Tangu raundi ya pili vijana wale wawili walikuwa wakiraruana: nyusi zimepasuka, pua zimevimba, na sakafu ya ulingo ilikuwa na madoa kama ya buchani. Mama hakuwa na habari na makofi. Alikwishatoka safu ya tatu, akikanyaga vidole vya watu bila kuomba radhi. Alikuwa mwoka mikate, na miaka ishirini na miwili ya kukanda unga ilikuwa imempa mabega. Mlinzi aliyejaribu kumzuia alipata kiwiko cha mbavu, akajikuta amepakatwa na mtazamaji asiyemjua.

"Tisa! Kumi!"

Akapenya chini ya kamba. Akamgeuza kijana chali, akampigapiga mabega, akamwita. Kimya. Alisogeza shavu kwenye mdomo wake. Ulitoka mkoromo mmoja mkavu, basi.

"Mama, huruhusiwi kuingia hapa!" mwamuzi alisema.

"Daktari yuko wapi?"

"Yuko ndani, anamshona mtu."

"Kamwite. Aje na mashine ya kushtua moyo. Umesimama unatazama nini? Kimbia!"

Mwamuzi akakimbia. Zipo sauti ambazo mtu mzima huzitii kwanza, aibu huja baadaye.

Mama akapiga magoti, akapandanisha viganja katikati ya kifua, akanyoosha mikono, akaanza kubonyeza. Moja, mbili, tatu, nne.

Alikuwa amejifunza kwa siri. Mwaka uliopita alikwenda kwenye mazishi ya bondia mmoja aliyekufa kwa ngumi ya kifua. Alikaa na wanawake wenzake, akarudi nyumbani, siku tatu chakula hakipiti kooni. Alimwangukia mwanawe miguuni amwombe aache ndondi. Mwanawe alicheka, akambusu kwenye paji la uso. "Mama, wewe kanda unga wako. Ngumi niachie mimi."

Basi kila Alhamisi, akitoka kwenye tanuri, alikuwa akienda darasani kwa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Walifanya mazoezi kwenye mdoli wa mpira asiye na miguu. "Mume wa namna hii ningempata mapema!" wanawake walitaniana. "Hali, hanywi, na hajibu!" Wenzake waliuliza habari za kuungua na za kukabwa na mfupa. Yeye alikuwa na swali moja tu.

"Na akipigwa ngumi ya kifua, mwalimu?"

"Moyo unaweza kusimama papo hapo. Usimngoje mtu. Bonyeza, tena usimwonee huruma. Mbavu zikivunjika zitaunga, mama. Moyo ukichelewa kuamshwa, hauamki tena."

Tangu hapo hakukosa pambano hata moja la mwanawe.

Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Aliinua kidevu cha kijana, akambana pua, akampulizia pumzi mbili. Damu yake ilimjaa mama mdomoni, ya chumvi, ya moto. Aliitema, akarudi kifuani.

"Mtoeni huyo bibi!" mtu alifoka, na chupa ya maji ikapiga kamba.

Katika mzunguko wa tatu ubavu ulivunjika. Aliusikia kiganjani, ko, kama kijiti kikavu. Machozi yalimtoka, lakini mikono haikusimama.

"Samahani, baba," alimwambia. "Samahani sana."

Ubavu wa pili ukafuata. Ukumbi ulianza kunyamaza, safu moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki sauti yake peke yake ikihesabu. Hofu yake ikageuka kuwa hasira. Alimchukia aliyebuni mchezo ule, akamchukia kila aliyekata tiketi, na alijichukia mwenyewe. "Leo huendi!" alimfokea kijana, akimkandamiza kwa uzito wake wote. "Nimesema leo huendi!"

Daktari aliingia mbio na mashine, mikono bado ina damu ya mwingine. Akabandika vibandiko viwili kwenye kifua kilichojaa michubuko, akawaambia wote wasimguse. Mwili uliruka, ukaanguka kwa kishindo. Mama akarudia kubonyeza. Hakufika hata kumi na tano, kijana alikohoa, akamtapikia damu gauni zima, akaguna kwa maumivu.

Hakuna mlio uliowahi kumfurahisha kama ule. Alimshika mkono wenye glavu, akaukumbatia, akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Mwamuzi alipiga magoti kando yake, jasho linamtiririka.

"Mshukuru Mungu, mama. Mwanao amepona."

Mama aliinua kichwa. Kwenye kona ya bluu mwanawe alikuwa amepanda juu ya kamba, glavu zote mbili hewani, akiwapigia watazamaji kelele kwa furaha: "Leteni mwingine!"